Honi ya Litapunga

Tulipomaliza matanga ya Fundi Kashindye kule Misunkumilo, watu walisimama mmoja mmoja kumsifu. Wa kwanza akasema marehemu alikuwa mpole. Nikageuka kumtazama msemaji, maana nilidhani labda amekosea msiba. Kashindye, mpole? Mtu aliyekuwa akiniita kwa kunirushia kipande cha waya? Zamu yangu ilipofika nikasema alinifundisha kazi, Mungu amweke pema, nikakaa. Njiani wajukuu wangu wakanilaumu. "Bibi, kazi aliyokufundisha ndiyo imetulisha sisi wote, halafu unasema kidogo hivyo?" Wana haki. Lakini nilichokuwa nacho hakikuwa kitu cha kusemwa watu wakiwa wanangoja pilau. Kinahitaji mtu akae chini. Basi nimekaa, na daftari hili, na mwandiko wangu wa darasa la nne. Nilizaliwa wapi na nani alimuoa nani sitaandika. Hayo hayajawahi kutengeneza gari.

Ulikuwa mwaka mmoja wa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa mpishi kwa Fundi Kashindye, fundi umeme wa magari, kule Ilembo. Nyie mmezoea gereji zenye sakafu. Ile ilikuwa banda la mabati juu ya nguzo za miti, na ukuta mmoja tu wa tofali mbichi, na upande wa pili wa ukuta huo ndiyo jiko letu. Kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Mama Shija, mke wa Fundi, alikikata ili tusizunguke na ugali uani. Kwa kidirisha kile sahani zilitoka na maneno yaliingia. Nikikoroga maharage nasikia Fundi anafoka: moto haufiki, athi imelegea, fyuzi imekufa, nani kaunga waya huu kama anafunga kuni? Kwa miezi kadhaa niliyajua magonjwa ya magari kwa sauti tu, bila kuyaona. Siku moja taa za pikapu zilikuwa zimewashinda tangu asubuhi, mimi nikapaza sauti kutoka kwenye moshi, "Jana mlisema athi ya taa imefungwa na nati isiyo yake!" Kisha Fundi akasema, "Mwenye huo mdomo alete na mikono." Nikaenda na unga mikononi. Nati ya ile athi, waya wa kurudishia moto, ilikuwa imelegea kweli.

Tangu hapo asubuhi nilipika, na nikimaliza kuosha masufuria naingia bandani. Hakunipa jina la mwanafunzi wala la fundi. Alinipa sheria moja: ukiharibu, sema. Kabla yangu alikuwapo Masanja, mtu mzima, mwenye mikono mizuri kuliko wote, akaunguza waya za lori la mtu akazifunga tepu nyeusi juu akanyamaza. Fundi alipoziona hakumgombeza. Alimpa ovaroli yake ya kazi iliyokunjwa na kumwambia aende nayo. Nilikuwa nimeshika bakuli la dagaa wa ziwani, nikaliona jambo lile lote kwa kidirisha, na nikasema moyoni mimi sitakuwa mjinga kama Masanja. Nina miaka mingi sasa na nimekuja kuona kwamba hayo ndiyo maneno mtu husema kabla tu ya kuwa mjinga.

Sasa lazima niwaeleze habari ya mpira. Barabara zetu za wakati ule zilitikisa gari mpaka mlango unasahau bawaba. Magari yote yaligonga: boneti inagonga, betri inagonga, bati za chini zinaimba. Lakini gari likitoka kwa Kashindye lilikuwa halina kelele, na kwa hilo alijulikana mpaka Inyonga. Siri yake ilikuwa tyubu kuukuu. Alikata vipande vya mpira, akaweka chini ya kila kitu kilichofungwa kwa bolti. Mpira mmoja, chini tu. Kazi ya kukata ikawa yangu, na niliipenda kupita kiasi. Gari la kliniki lilipoletwa, Landkruza nyeupe, kupunguzwa kelele, nilipewa upande wa mbele wote. Honi ya gari lile ilikuwa na waya mmoja wa kuleta moto. Moto ulirudi kwenye betri kupitia chuma chake chenyewe, kwenye bolti, kwenye bodi. Hiyo ndiyo athi yake. Mimi nikaweka mpira chini kama nilivyofundishwa. Kisha nikaona ukiwekwa na juu, chini ya kichwa cha bolti, itakuwa nzuri zaidi. Kisha bolti yenyewe nikaivika kipande cha mpira kama mtoto anayevikwa soksi. Nilisimama nikaitazama kazi yangu, nikajiona nimempita mwalimu. Siku ile nilipoivika, hakuna aliyejaribu honi. Gari likatoka, halina kelele hata kidogo. Kweli, hata ya honi.

Dereva wake alikuwa Ferdinandi, wote tulimwita Kaka Ferdi, mtu wa makamo, mwenye kofia ya kufuma na maneno mengi. Alirudi baada ya siku tatu. "Dada Pela," akasema, "ng'ombe wa Wasukuma wamenisimamia barabarani wananitazama tu. Nabonyeza, hakuna kitu. Mmoja nadhani amenicheka." Tulicheka na sisi. Lakini nesi aliyekuwa ameketi mbele hakucheka. Gari lile lilikwenda Litapunga kila Alhamisi na chanjo za watoto. Siku ilijulikana, saa haikujulikana, barabara ndiyo iliyoamua. Basi utaratibu wao ulikuwa huu: gari likifika njia panda, dereva anapiga honi tatu ndefu, wanawake wanaweka majembe chini, wanakuja na watoto na kadi. Ulikuwa wakati wa palizi, na hakuna mwanamke wa kuacha magugu yake akakae kungoja gari ambalo labda limezama matopeni. Alhamisi ile walikuja wanne. Barafu kwenye boksi la dawa ikayeyuka, wakarudi na chanjo karibu zote. Na surua ilikuwa imeshatajwa vijiji vya jirani.

Fundi wakati huo alikuwa mgonjwa. Malaria ilimkalisha barazani kwenye kiti cha kamba, amejifunika blanketi katika jua la saa sita, anatetemeka na anafoka kwa pamoja. Alitutibia gari kwa mdomo. Nilishika taa ya kupimia, mguu mmoja wa waya kwenye betri, mwingine kwenye waya wa honi.

"Bonyeza!"

Kaka Ferdi akabonyeza. Taa ikawaka.

"Inawaka, Fundi."

"Inawaka vizuri au inawaka kama mimi?"

"Vizuri."

"Basi moto unafika. Honi imekufa. Waandikie watu wa Tabora walete nyingine na treni."

Treni ilichukua muda wake. Alhamisi ya pili ikapita, Kaka Ferdi akagonga rimu ya tairi kwa spana pale njia panda mpaka bega likamuuma, na wanawake wakadhani ni kengele ya shule. Honi mpya ilipokuja niliifunga mwenyewe. Niliivika mpira ule ule, chini, juu na soksi. Ferdi akabonyeza. Kimya. Siku hiyo daktari wa kliniki alikuwa amekuja kujionea, amesimama na daftari lake dogo. Fundi akafikiri muda mrefu, meno yanagongana.

"Honi mbili haziwezi kufa pamoja," akasema. "Ni usukani. Pale chini ya kibonyezo kuna shaba imeungua. Moto unaopita unatosha taa, hautoshi honi. Ferdi, wewe unafukuza ng'ombe kwa ngumi."

"Mimi, Fundi? Mimi nabonyeza kwa kidole gumba, kama mtu anayemwangalia mtoto tumbo."

"Ngumi," akasema Fundi. Daktari alifungua daftari lake. Aliandika.

Msimcheke Fundi. Alichosema kinatokea kweli. Nimekutana nacho mara nyingi tangu hapo. Tatizo aliamini kazi ya bolti ni ile aliyonifundisha, na hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba kuna mtu ameifundisha upya. Aliniambia nifungue usukani, nisafishe shaba kwa msasa. Kisha Mama Shija akamshika mkono wakaenda hospitali kuchomwa sindano, na mimi nikabaki peke yangu na Landkruza na sufuria ya maharage.

Nilifungua usukani. Shaba ilikuwa inang'aa kama hereni. Hapakuwa na kuungua popote. Nikaipitisha msasa hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa nimeambiwa, nikafunga, nikabonyeza. Kimya. Nikaichukua ile honi ya zamani, iliyokufa, nikaiweka kwenye betri moja kwa moja, waya mmoja huku, chuma chake kule. Ikalia mpaka kuku wa Mama Shija wakaruka ukuta. Nilibaki nimeishika. Kitu kilichokufa hakilii hivyo. Nikarudi kwenye gari, nikachukua kipande cha waya, upande mmoja nikaufunga kwenye mwili wa honi mpya, upande wa pili kwenye bodi, nikaenda dirishani nikabonyeza kibonyezo. Ikalia. Nikatoa waya. Kimya. Nikauweka. Ikalia. Hapo nikaitazama ile bolti yangu na soksi yake, nikaelewa. Wiki zote zile moto ulikuja mpaka mlangoni, mimi ndiye niliyefunga njia ya kutokea. Kila barafu iliyoyeyuka ilikuwa ya mkono wangu.

Nimekuwa mkali kwa watoto wangu na kwa nyie kuhusu uongo, na mmenung'unika kwamba Bibi hasamehi. Basi someni. Sikukaa kulia. Nilifungua bolti, nikang'oa mpira wote, nikasugua chuma kwa msasa mpaka kikawa cheupe, nikafunga, nikabonyeza, honi ikalia vizuri. Kisha nikachukua vipande vya mpira nikavitia motoni chini ya maharage. Waliporudi, Mama Shija alisimama mlangoni akanusa. "Pela, leo tunakula tairi?" Nikasema nilikuwa nachoma takataka. Fundi akauliza, "Shaba umesafisha?" Nikasema nimesafisha. "Ilikuwa imeungua?" Nikasema, "Ilikuwa imeungua kidogo." Akabonyeza mwenyewe, ikalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akatoa sifa, tena si kwangu, akamwambia mkewe kama vile mimi sipo: "Huyu ana mikono." Nilikuwa nimengoja neno lile karibu mwaka mzima. Nikarudi jikoni kukoroga maharage.

Kesho yake Kaka Ferdi alikuja kwa miguu. Hakuingia bandani. Alikaa uani kwenye gogo la kukatia kuni, na mimi nilikuwa jikoni napepeta mchele, nikasikia anaongea na Mama Shija.

"Daktari amesema niende Jumatatu nikarudishe funguo. Gari atapewa mwingine. Anasema vifaa vya serikali siyo ng'oma."

"Jamani, Ferdi. Kwani ulipiga kweli?"

"Shemeji, sijui tena. Mtu kama Kashindye akisema umepiga, unaanza kujiuliza. Labda kuna siku nilikasirika. Nimelala nakumbuka ng'ombe mmoja mmoja."

Mama Shija akacheka, na yeye akacheka, kicheko kibaya. Mimi mchele ulisimama kwenye ungo. Kama angenilaani ningevumilia. Mtu alikuwa anatafuta kosa langu ndani ya kichwa chake na alikuwa karibu kulipata.

Mchana nilipeleka chakula mwenyewe, sikupitisha kidirishani. Ugali, kisamvu, na dagaa wa Karema waliokaangwa na karanga. Fundi alikuwa ameketi mkekani, nguvu zimeanza kurudi, na Kaka Ferdi amelazimishwa kukaa naye. Nikaweka sinia chini, sikuondoka. Nikasema, "Baba, usukani haukuungua. Ni mimi niliyevika bolti ya honi mpira, chini na juu na katikati. Honi ilikosa athi. Nimeutoa jana, ndiyo maana inalia."

Mkono wa Fundi ulikuwa na tonge. Akalirudisha kwenye sinia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. "Mpira uko wapi?"

"Nimeuchoma."

"Chini ya chakula changu."

"Ndiyo, Baba."

Kaka Ferdi akasema, "Kumbe kwa ng'ombe wale sikuupiga usukani." Hakuna aliyecheka. Fundi alinitazama, nami nikangoja ovaroli ya Masanja, ingawa mimi hata ovaroli sikupewa. Badala yake akasimama, akashika nguzo mpaka kizunguzungu kikapita, akamwambia mkewe amletee koti. Akaenda kwa daktari kwa miguu, mgonjwa vile, Kaka Ferdi nyuma yake akimsihi apumzike. Kaka Ferdi ndiye aliyenisimulia alichosema kule. Alisimama mbele ya meza akasema, "Dereva hana kosa. Kosa limetoka bandani kwangu, na fundi wa banda lile ni mimi." Daktari akauliza ni kijana gani aliyefanya. Akajibu, "Nimesema ni mimi." Jina langu halikuingia kwenye daftari lile dogo. Funguo zikabaki kwa Ferdi.

Hapo ndipo msiba wa Misunkumilo unaponikaba. Mtu aliyekuwa anaishi kwa jina lake la ufundi, alilichukua akalipeleka kwa miguu kulichafua, kwa ajili ya mpishi aliyemdanganya. Ningeyasemaje hayo kwa kusimama? Na huyo anayesema alikuwa mpole, alijua nini? Maana Fundi aliporudi kutoka kwa daktari alinipa na zangu. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Kwa daktari kosa ni langu. Kwa Litapunga ni lako. Alhamisi utapanda gari, utawaambia wenyewe." Nikasema nitaona haya. Akasema, "Ndiyo nauli."

Alhamisi nilipanda nyuma na boksi la barafu miguuni. Njia panda Kaka Ferdi akasimamisha, akahamia pembeni, akaniambia, "Njoo ubonyeze wewe." Nikabonyeza mara tatu, ndefu. Kwanza hakuna kitu, mahindi tu. Kisha kitambaa chekundu kikainuka mashambani, kikafuata cha njano, wakaanza kutoka kwenye mistari, magoti yana udongo, watoto mgongoni, wengine wanakimbia. Walijaa mbele ya ghala la mazao. Nesi akawanyamazisha, akasema huyu dada ana neno. Nikasema kama nilivyosema kwa Fundi, nikaongeza kwamba nawaomba radhi.

Mama mmoja Msukuma, mrefu, jembe begani, akauliza, "Yaani mpira wa tyubu ndiyo umenitembeza bure mpaka hapa wiki ile, nikakuta gari limeshaondoka?"

"Ndiyo, mama."

"Mpira mkubwa kiasi gani?"

Nikaonyesha kwa vidole. Wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Binti, mumeo tunamwonea huruma, utamvika na yeye." Walinicheka, walinisema, mmoja akanitukana kwa lugha yake na jirani yake akanitafsiria kwa furaha. Nilisimama nikayapokea yote. Lakini mwisho wa mstari kulikuwa na mama kijana, rika langu, ambaye hakucheka. Mtoto wake alikuwa ametoka kwenye surua, ngozi inambanduka mashavuni, macho mekundu. Akasema bila ukali, "Huyu hakulingoja gari lenu." Akanitazama, kisha akamfungua mtoto mgongoni akanikabidhi. "Nishikie. Kadi yake nimeiacha nyumbani, nesi aandike kwamba amepona." Akaenda kuifuata. Nikamshika mtoto wa watu. Alikuwa mwepesi, ana joto, akakamata kidole changu chenye grisi akakitia mdomoni, nikakitoa, akakirudia. Aliporudi mama yule alisema asante. Mimi ndiye niliyeambiwa asante.

Tulifika Ilembo jioni jua likiwa bado juu ya mabati. Boksi lilikuwa tupu, dawa zote zimekwisha. Fundi alikuwa barazani anakunywa uji, blanketi limeshakunjwa.

"Wamesemaje?"

"Wamenicheka. Wamenitukana. Mmoja amenipa mtoto nimshike."

"Ukamshika?"

"Nilimshika, Baba."

Akanywa uji mpaka ukaisha, akaweka kikombe chini. "Kuna lori la watu wa tumbaku limeletwa. Taa za nyuma zinawaka zikipenda. Ni lako, sitakusimamia." Nikadhani nimesikia vibaya, nikamwambia kesho ni siku ya kupika maharage, yanataka kuwahi. Akaita ndani, "Mama Shija! Umeshapata mtu wa jikoni?" Mama Shija akajibu kwamba binti wa jirani ataanza asubuhi.

Asubuhi nilipita mlango wa jikoni, moshi wa mtu mwingine unatoka, nikaenda nikalala chini ya lori, taa ya kupimia mkononi.